Mguu wa Namba Kumi na Tisa

Mguu wa kwanza wa siku ulipita kwenye tundu la pazia saa tatu kasorobo asubuhi. Mama Rula akaupokea kwa mikono miwili, akaulaza juu ya mto wa plastiki, akaivuta taa karibu. Hakusema habari za asubuhi. Mwenye mguu naye, huko upande wa pili, hakusema. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwaka mmoja na nusu, na kama duniani ipo kazi nyingine ambayo mtu analipwa kwa kutosalimia watu, yeye alikuwa bado hajaisikia.

Ungemjua Mama Rula wa zamani ungeelewa kwa nini jambo hilo lilimchosha kuliko kusimama kutwa. Miaka ishirini na sita alikuwa muuguzi wa chumba cha vidonda, kile cha mwisho kwenye korido ya chini, ambacho watu hukipita haraka wameziba pua. Jina la utani alilipata humo, kwa ajili ya rula ya chuma aliyotembea nayo mfukoni. Angestahili pia kuitwa Mama Mdomo. Alikuwa akifunga kidonda huku anamsema mwenye kidonda. Umekula nini jana? Nani kakuruhusu kutembea peku? Huu mguu ni wako au umeazima kwa jirani? Wagonjwa walimwogopa, wakampenda, wakamletea habari zao zote. Alijua nani kagombana na mkwewe na nani kahamia ghorofani, na mara nyingi alikuwa ameshajua kwa nini kidonda hakiponi kabla hata hajafungua bandeji.

Kisha ukaja utafiti, na kati ya wauguzi wote daktari akamchagua yeye awe mpimaji, kwa kuwa hapakuwa na jicho la vidonda kama lake. Wenzake waliposikia kwamba mpimaji haruhusiwi kufungua kinywa, walicheka mpaka wakashika mbavu.

Utafiti wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza. Kisukari kikimkaa mtu miaka mingi huua hisia za miguu. Unyayo unakufa ganzi. Mtu anakanyaga msumari hajui, kiatu kinamchubua hajui, kidonda kinachimbika chini ya mguu na yeye anatembea juu yake, anakwenda sokoni, anarudi. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kukaa mwaka mzima. Kikiachwa kinateremka hadi kwenye mfupa, na hapo ndipo mguu unapoanza kukatwa kidogo kidogo kuanzia vidoleni. Ilikuwapo dawa mpya ya kupaka iliyosemekana kuvifunga vidonda hivyo haraka, na daktari alitaka kujua kama ni kweli. Wagonjwa sitini waligawanywa kwa kura. Nusu walipakwa dawa mpya, nusu dawa ya siku zote, na wote wakapewa kiatu maalumu chenye soli nene iliyochimbwa shimo mahali pa kidonda, ili uzito wa mwili usiangukie pale. Kila mgonjwa alikuja mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi na mbili.

Mpimaji hakutakiwa kujua nani anapakwa nini, kwa sababu jicho la binadamu lina upendeleo. Likishajua hii ndiyo dawa mpya, litaona kidonda kimepungua hata kama kipo palepale. Mwanzoni walijaribu bila pazia. Siku ya pili tu bibi mmoja aliketi, akashusha pumzi, akamwambia Mama Rula, "Hii mpya yenu inanukia vizuri kuliko ile ya zamani." Vipimo vyote vya bibi yule vikatupwa. Kesho yake daktari akaleta pazia la kijani lenye tundu, pamoja na sheria: mguu tu ndio upite, na pande zote mbili zikae kimya. Chochote alichotaka kusema mpimaji, akiandike.

Fomu yake ilikuwa ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa namba. Aliweka karatasi ya nailoni yenye miraba midogo juu ya kidonda, akafuata ukingo wake kwa kalamu nyembamba, akahesabu miraba, akaandika. Ukurasa wa pili ulikuwa na kichwa cha maneno, Maoni ya Mpimaji, na chini yake mistari sita mitupu. Mama Rula aliipenda ile mistari sita. Ilikuwa ndiyo masalio ya mdomo wake.

"Leo nimekutana na watu tisa," alimwambia mumewe alasiri moja, akivua viatu mlangoni. "Uso sijaona hata mmoja."

Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, mtu ambaye utani haumwishi, alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya viazi. "Iko siku tutapishana barabarani usinijue mpaka nivue soksi."

"Wewe nitakujua kabla hujazivua."

Mzee akacheka peke yake. Mke alikuwa ameshakaa kwenye kochi, kichwa kimeegemea ukuta, macho kayafumba. Magoti yalimuuma, mgongo ulimuuma, na kulikuwa na uchovu mwingine usio na mahali maalumu pa kuuma.

"Siku hizi umekuwa mpole," mumewe akasema. "Zamani ulikuwa unaingia hapa unaanza kunisomea mashtaka toka getini. Mimi huu upole unanitia wasiwasi."

"Nimezoea kunyamaza," akajibu. "Mtu akinyamaza kutwa, jioni maneno hayaji tu yenyewe."

Namba Kumi na Tisa aliingia kwenye utafiti msimu wa mvua, mguu wa kulia. Kidonda chake kilikuwa chini ya mzizi wa kidole gumba, kidogo kuliko kifuniko cha soda, cha mviringo, chekundu, kisafi. Ulikuwa mguu wa mwanamume, wala si mzee. Kucha zilikatwa vizuri na katikati ya vidole palisuguliwa. Mama Rula alifurahi kimoyomoyo. Katika maisha yake ya vidonda alikuwa amejifunza kwamba mwenye mguu kama ule husikia anachoambiwa. Wiki ya kwanza aliandika sentimita za mraba tatu nukta moja. Wiki ya pili, mbili nukta nane. Huyu atapona, akasema moyoni, dawa mpya au ya zamani, huyu mguu unapona.

Wiki ya tatu kidonda kilirudi kwenye tatu.

Aliinama karibu. Ngozi ya pembeni, ile sugu iliyokwanguliwa wiki iliyopita, ilikuwa imeota tena, nene, na juu yake palikuwa na mikunjo mitatu iliyonyooka, sambamba. Ndani ya ufa wa sugu kitu kilikuwa kimenasa. Alikivuta kwa koleo kikatoka taratibu: uzi wa bluu, urefu wa kidole.

Mama yake mzazi alikuwa fundi cherehani. Utotoni Mama Rula alizoea kulala sakafuni chini ya mashine, akitazama miguu ya mama yake ikipanda na kushuka juu ya pedeli, ile pedeli ya chuma yenye mistari. Hakuhitaji kufikiri sana. Huyu ni fundi. Anakanyaga cherehani kutwa, na kiatu chetu amekivua.

Maneno yalimpanda mpaka kooni. Mkono ulikwishagusa pazia. Kisha akamkumbuka yule bibi na vipimo vyake vilivyotupwa, akaurudisha mkono, akachukua kalamu. Ukurasa wa pili akaandika: Uzi wa bluu ndani ya sugu. Alama za pedeli. Nadhani mgonjwa ni fundi cherehani na anakanyaga bila kiatu. Tafadhali aulizwe. Neno la mwisho alilipigia mstari mara mbili. Baada ya hapo alijisikia nafuu, kama mtu aliyeshafikisha ujumbe, akagonga kengele mguu ufuatao uingie.

Wiki ya nne uzi ulikuwa wa bluu tena, na kidonda tatu nukta mbili. Wiki ya tano uzi wa kijani. Wiki ya sita hapakuwa na uzi, lakini ile mikunjo mitatu ilikuwa pale, na sugu ilikuwa ngumu mpaka kisu kiliikataa. Aliandika kila wiki, na kila wiki mwandiko wake ulizidi kuwa mkubwa. Nimeshaeleza wiki tatu zilizopita. Mgonjwa bado anakanyaga. Aambiwe aache.

Hapa lazima ukweli usemwe, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye hakuuficha. Kadiri wiki zilivyokwenda, hakumhurumia yule mtu, alimkasirikia. Aliamini kwamba daktari anasoma, kwamba sista anayepaka dawa na kufunga bandeji upande wa pili wa pazia ameshamkalisha na kumweleza, na kwamba fundi anaitikia ndiyo huku akienda zake kukanyaga. Alikuwa amewaona wengi wa aina hiyo. Siku moja aliusukuma ule mguu kwenye mto kwa nguvu kidogo kuliko ilivyotakiwa. Mwenye mguu hakusikia, ganzi ilikuwa imepanda hadi kifundoni.

"Kuna mwanamume mmoja ana kichwa kigumu," alimwambia mumewe. "Anaambiwa kila wiki."

"Anaambiwa na nani?"

"Na wenye ruhusa ya kuongea."

Sheria ya utafiti ilisema kidonda kikiongezeka kwa nusu ya kilivyoanza, mgonjwa atolewe, apelekwe kwa wapasuaji. Cha Namba Kumi na Tisa hakikufika nusu. Kiliongezeka kidogo kidogo, kwa adabu, chini ya mstari. Wiki ya nane kilikuwa tatu nukta saba. Wiki ya kumi kilikuwa nne kasoro kidogo. Kwenye kompyuta, namba hizo hazikumshtua mtu.

Wiki ya kumi na moja karatasi za nailoni zilimwishia asubuhi, mguu mmoja tu ukiwa umepimwa. Akapanda ghorofa ya pili kwa karani wa takwimu, akipumzika kila baada ya ngazi tano. Karani alikuwa mama mwembamba mwenye miwani, mpangaji mzuri wa vitu, na mafaili yake yalisimama rafuni yamenyooka kama askari. Alipokuwa akitafuta nailoni kabatini, Mama Rula aliona chini ya dirisha bunda la karatasi lililofungwa kwa kamba. Mwandiko wa juu ulikuwa wake.

"Hizi si zangu?"

"Zako, mama. Kurasa za pili."

"Zinafanya nini hapa?"

"Zinahifadhiwa," karani akasema. "Kompyuta ina nafasi za namba. Maneno haina pa kuyaweka. Kwa hiyo nachana ukurasa wa pili, naufunga pamoja na wenzake."

"Daktari anakuja kuzisoma lini?"

Karani akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa tena. "Mama, mimi niliambiwa nizihifadhi, nimezihifadhi. Haijapotea hata moja. Unaweza kuhesabu."

Mama Rula hakuhesabu. Alimwamini. Alisimama pale na bunda la mwaka mmoja na nusu miguuni mwake, na kilichomshika hakikuwa hasira kwa karani. Ilikuwa aibu. Alikuwa amejua tangu wiki ya tatu, peke yake katika jengo zima, na kila Jumanne alikuwa amejifariji kwa kalamu. Alifungua kamba, akachomoa kurasa nane za Namba Kumi na Tisa kuanzia ile ya uzi wa kwanza, akachukua na nailoni, akashuka ameshikilia reli ya ngazi kwa mkono mmoja.

Chini, mguu ulikuwa umeshapitishwa kwenye tundu, unamsubiri juu ya mto. Aliutambua kabla hajakaa. Ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo, unang'aa, na wekundu ulikuwa umepanda upande wa ndani. Aliugusa kwa mgongo wa mkono, ulichemka. Harufu aliijua pia. Alipima kwa sababu ndiyo kazi yake: nne nukta nne. Bado chini ya nusu. Akachukua kijiti cha chuma, akakishusha taratibu katikati ya kidonda, na kijiti kikagota kwenye kitu kigumu. Ukishausikia mgoto huo mara moja, huusahau. Ni mfupa.

Akasimama, akalivuta pazia.

Mwanamume wa miaka arobaini hivi, na tepu ya kupimia shingoni, aligeuza uso haraka akatazama ukutani. "Samahani, mama," akasema. "Mimi sijafanya kitu. Walisema tusionane."

"Wewe ni fundi cherehani."

"Ndiyo."

"Kiatu tulichokupa kiko wapi?"

Akainama, akakiinua kutoka chini ya kiti. Kilikuwa na vumbi, mkanda umechanika na kushonwa upya kwa mkono, kushona kuzuri, na soli ilikuwa imelika upande wa kisigino. "Hiki hapa. Sijapiga hatua bila hiki, hata msalani. Muulize mke wangu."

Mama Rula alikitazama kile kiatu. Miezi yote alikuwa amempa mtu huyu uso wa mkaidi, na sasa uso ulikuwa mbele yake nao haukuwa na ukaidi wowote. "Na ukiwa kwenye mashine?"

"Hapo nakivua. Ni kipana, hakikai kwenye pedeli." Alisema kama mtu anayeeleza jambo la wazi. "Karatasi ya maelekezo inasema nivae ninapotembea. Na daktari alinisisitiza nipunguze kutembea, nikae. Basi nimekaa, mama. Zamani nilikuwa napelekea wateja nguo mwenyewe. Nikaacha, anapeleka mke wangu. Nikachukua na kazi ya sare za shule ili nisipate sababu ya kuinuka. Naanza asubuhi mpaka giza linaingia, nimekaa. Sijawahi kukaa hivi tangu nizaliwe."

"Fundi," akasema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza, ilikuwa imekwaruza. "Kidonda chako kipo palepale unapokanyagia pedeli."

Fundi akautazama mguu wake. Akaukunja mguu wa kushoto, akauchezesha hewani juu chini, juu chini, kama anayejaribu, akauacha.

"Mota ninayo," akasema hatimaye. "Ya umeme. Ipo juu ya kabati mwaka wa tatu sasa. Kuifunga ni nusu saa. Siipendi tu, inakimbiza kitambaa, mguu unajua mwendo vizuri zaidi. Lakini ningeambiwa, ningeifunga siku hiyohiyo."

Mama Rula akafungua mlango wa korido akaita sista, kwa sauti iliyofika mpaka getini.

Picha ya mfupa ilipigwa kabla ya saa sita. Kufikia saa nane fundi alikuwa amelazwa, na dripu mkononi, na mkewe amekuja na kanga mbili na chupa ya chai. Daktari wa utafiti alimwita Mama Rula ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uvimbe wa uchovu chini ya macho na kikombe cha kahawa kilichopoa tangu asubuhi. Alizisoma kurasa nane akiwa amesimama. Alipofika ya sita akakaa.

"Kila wiki sista anamuuliza kama anavaa kiatu akitembea," akasema. "Anajibu ndiyo. Tunatia alama."

"Na ni kweli. Anavaa akitembea."

"Hii mistari ya maoni…" Daktari akaigusa kwa kidole. "Fomu tuliinakili kutoka utafiti mwingine. Nayo ilikuwemo. Sikuwahi kujiuliza inakwenda wapi."

Mama Rula alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kumlaumu mtu kulitaka nguvu asizokuwa nazo, na isitoshe lawama yake mwenyewe ilikuwa imeshamjaa.

"Umemwona na umeongea naye," daktari akaendelea, polepole. "Namba zake itabidi niziweke kando. Na wewe, mama, siwezi kukurudisha kwenye pazia. Unaelewa."

"Naelewa, daktari. Nirudishe chumbani kwangu." Alisimama, kisha akakumbuka. "Ile karatasi ya maelekezo ya kiatu, ibadilishe. Watu waulizwe wanafanya kazi gani."

"Lazima ipite kwenye kamati. Kamati inakaa baada ya wiki tano."

"Wiki tano," akasema Mama Rula. Alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye benchi la korido walikosubiri wagonjwa wanne waliobaki wa siku ile, akawauliza mmoja baada ya mwingine mguu wake unafanya nini kutwa. Wa tatu alikuwa dereva wa teksi, kidonda mguu wa kulia. Alieleza kwa fahari kwamba akishaingia kwenye gari hukivua kiatu cha utafiti na kukiweka vizuri kiti cha abiria, kisichafuke. Mama Rula alimsema mpaka akaloa jasho. Lakini raha ya zamani ya kumsema mtu haikuja.

Wapasuaji walimkata fundi kidole gumba na mfupa unaokifuata. Walisema mguu uliobaki unaweza kusalimika, na waliposema unaweza, hawakumtazama usoni. Mama Rula alikwenda wodini siku ya nne, baada ya kazi, mkoba begani. Alikuwa amejiambia anapitia tu. Njia nzima alikuwa na maneno tayari, na alipoufikia mlango yalikuwa yamepungua hadi mawili matatu.

Fundi alikuwa ameegemea mito, mguu wa kulia umefungwa bandeji kubwa na kuinuliwa. Alimsalimia vizuri. Alisema kwamba mkewe ameshaishusha mota, shemeji ameifunga, sare zilizobaki anazimalizia mke, mishono inakwenda upande lakini itanyooka. Mama Rula aliuliza kuhusu homa, kuhusu sukari, kuhusu usingizi. Alijibiwa yote. Halafu mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia ukutani.

"Mama, nilitaka kukuuliza," fundi akasema. "Siku ile ulijuaje kama mimi ni fundi? Mimi na wewe hatujawahi kuonana."

Angeweza kusema aliiona tepu shingoni. Ilikuwapo kweli, na fundi asingejua kamwe tofauti yake. Alilifikiria jambo hilo kwa muda ambao ulimtia aibu nyingine.

"Kwa nyuzi," akasema. "Zilikuwa zinanasa kwenye sugu. Nilikuwa nazitoa kwa koleo."

"Nyuzi za rangi gani?"

"Ya kwanza ilikuwa bluu."

Midomo ya fundi ikahesabu. Watu wa ufundi wake wanajua kazi zao kwa rangi. "Bluu ni sare," akasema. "Sare nilianza…" Akasimama hapo. "Hiyo ilikuwa wiki ya tatu."

"Ilikuwa wiki ya tatu."

"Na hii umenifungulia pazia ni ya kumi na moja."

"Ndiyo. Niliandika, fundi. Kila wiki niliandika. Hawakusoma."

Alipoyasema hayo aliyasikia jinsi yalivyo madogo. Fundi alikuwa anautazama mguu ulioinuliwa, mahali bandeji ilipoishia kabla ya pale ilipopaswa kuishia.

"Ungenifinya hata kidole," akasema. "Kama kusema ilikuwa marufuku. Ungenifinya tu, ningejua kuna jambo." Kisha akatikisa kichwa, na kitu kama kicheko kikamtoka puani. "Ah. Nisingesikia."

Mama Rula alitaka kulia, na machozi nayo yakawa yamechoka, hayakuja. "Nilipaswa kulifungua lile pazia wiki ya tatu," akasema.

"Ndiyo, mama," fundi akajibu, bila kupandisha sauti. "Ulipaswa."

Wodi haikuwa na viti vya wageni. Fundi akausogeza mguu wake wa kushoto pembeni ya kitanda, akaacha nafasi, na Mama Rula akakaa.